Bengamisa: historia ya nyumba isiyo na karatasi

Kwenye barabara ya Buta, kilometa 51 kutoka Kisangani, nyumba za Bengamisa zinajieleza zenyewe. Kuna za potopoto zilizoezekwa ndele, kuna za matofali mabichi, na kuna za matofali ya kuchoma na mabati. Mara nyingi zote tatu ni nyumba moja ya familia moja, iliyobadilishwa ukuta baada ya ukuta, kadiri mpunga, mihogo au mafuta ya mawese yalivyopata mnunuzi. Benki haikuingia katika hadithi hiyo.

Wengi husema sababu ni umaskini. Umaskini upo, hakuna anayebisha. Lakini historia inaonyesha sababu nyingine, ya zamani kuliko mzee yeyote aliye hai leo. Sababu hiyo ni karatasi. Familia zilizokimbia vita na kuacha nyumba zao zinaijua vizuri, maana nyumba ikishaungua, swali la kwanza linaloulizwa ni: una karatasi gani?

Amri ya 1885

Tarehe 1 Julai 1885, Francis de Winton, aliyetawala Dola Huru ya Kongo kwa niaba ya mfalme Leopold II, alitoa amri kwamba ardhi tupu ni ya serikali. Neno lenyewe, "tupu", ndilo lililoleta taabu. Katika msitu wa Tshopo mkulima anafyeka, analima misimu michache, kisha anaacha udongo upumzike na miti irudi. Kwa mwenye shamba, pale ni pake. Kwa mgeni anayepita, ni pori lisilo na mtu. Kijiji kilichohama, msitu wa kuwinda, mahali pa kuvunia mangongo ya kuezekea: vyote viliweza kuitwa vitupu.

Papo hapo serikali ilileta utaratibu wa kuandikisha ardhi uliotoka mbali sana, Australia ya Kusini, ambako Robert Torrens aliuanzisha mwaka 1858. Kanuni yake ni fupi: mwenye ardhi ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika kitabu cha serikali na aliyepewa sertifika. Makampuni, misioni na wazungu walipata sertifika. Mwafrika aliachiwa desturi ya mababu, na desturi haikuandikwa popote.

Hapo ndipo njia mbili zilipoachana. Mkopo wa nyumba unasimama juu ya rehani. Mkopaji anaendelea kukaa ndani ya nyumba yake, lakini katika kitabu cha serikali inaandikwa kwamba nyumba hiyo ina deni. Akimaliza kulipa, maandishi yanafutwa. Akishindwa, nyumba inauzwa na mkopeshaji anachukua chake. Bila sertifika hakuna pa kuandika deni, na bila pa kuandika deni hakuna benki itakayotoa pesa ya miaka kumi au kumi na tano. Ukuta uwe wa udongo au wa simenti, jibu ni lile lile.

Stanleyville na nyumba za OCA

Kwa miaka mingi hata Mwafrika wa mjini hakuwa na ardhi. Aliyeishi katika cité alipewa kitabu kidogo kiitwacho livret de logeur. Kilimruhusu kukaa katika parseli, lakini hakikumfanya mwenye parseli.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, miji ilipojaa watu. Mwaka 1950 kukaanzishwa Caisse d'Épargne, sanduku la akiba ambalo leo linaitwa CADECO. Mwaka 1952 ikaundwa Office des Cités Africaines, ile OCA ambayo jina lake bado linatajwa katika miji mikubwa ya Kongo. OCA ilijenga maelfu ya nyumba za kudumu, na waliozipata wengi walilipa kidogo kidogo kila mwezi. Dekreti ya tarehe 10 Februari 1953 ikawafungulia Wakongo mlango wa kumiliki ardhi na nyumba, mtu mmoja mmoja. Na mfalme Baudouin alipotembelea Kongo mwaka 1955, ulianzishwa mfuko ulioitwa kwa jina la mfalme, Fonds du Roi, wa kusaidia watu kupata makao.

Mkopo huo wa kwanza ulikuwa na mtu wake. Alikuwa karani, muuguzi, fundi wa garaji au mfanyakazi wa reli na bandari: mtu mwenye mshahara ambao ungeweza kukatwa kila mwisho wa mwezi. Mama aliyeuza mihogo sokoni hakuwa na mshahara wa kukatwa, hata kama mkononi alipata pesa nyingi kuliko karani.

Mkulima wa kijijini hakuwemo pia. Watu wa kilimo wa INEAC, waliokuwa na makao yao makuu Yangambi, walianzisha paysannat: kila familia ilipimiwa ukanda wake wa shamba, na msitu ukafyekwa na kupumzishwa kwa zamu. Mistari ilinyooka vizuri kwenye ramani. Hata hivyo mkulima alipewa mahali pa kulima tu. Hakupewa sertifika ambayo angeweza kuipeleka benki akaomba pesa ya mabati.

Sheria ya 1973, na pesa iliyokufa

Uhuru ulikuja, na vita vikafuata. Waasi wa Simba waliingia Stanleyville Agosti 1964, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka mjini. Mwaka 1967 kukawa na uasi wa mamluki, mji ukiwa umeshaitwa Kisangani. Familia nyingi zilijificha msituni, na zilizokuwa na makaratasi ziliyaacha ndani ya nyumba.

Mwaka 1966 sheria iliyoitwa ya Bakajika ilirudisha kwa serikali ya Kongo haki zote juu ya ardhi. Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, inayotajwa hadi leo katika kila kesi ya parseli. Inasema udongo wote ni mali ya serikali, mali isiyouzwa. Raia hanunui udongo. Anapewa haki ya kuutumia. Kwa kawaida anaanza na mkataba wa miaka mitatu, akajenga na kuendeleza mahali hapo, kisha anaweza kupata haki ya kudumu ambayo watoto wake watairithi. Na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya konservateri peke yake.

Na kijiji je? Sheria hiyo hiyo ilisema kwamba ardhi za wanakijiji nazo ni za serikali, na kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Miaka ilipita, kumi, ishirini, thelathini, amri haikutoka. Bengamisa na vijiji vyote vya Banalia vikabaki katikati: shefu anajua mpaka ulipo, majirani wanaujua, kitabu cha serikali hakiujui.

Hata aliyekuwa na karatasi alipata pigo jingine. Desemba 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina thamani tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliyeweka akiba yake chini ya kitanda, mbali na benki, aliamka na makaratasi matupu. Baadaye bei zilikimbia hadi mwaka 1994 zikapanda karibu asilimia 9,800 kwa mwaka mmoja. Katika hali hiyo nani angekopesha pesa irudi baada ya miaka kumi na tano? Mkopo wa nyumba ulikufa hata mjini.

Watu walipata dawa yao wenyewe. Aliyeuza mpunga alinunua matofali mia mbili akayapanga pembeni ya nyumba. Msimu uliofuata alirudi na mabati mawili yaliyofungwa nyuma ya baiskeli. Rundo la matofali ndani ya parseli, lililoota majani, mgeni huliona kama uvivu. Lilikuwa akiba ambayo hakuna tangazo la redio lingeweza kuifuta. Na penye watu kumi wanaoaminiana palikuwa na likelemba: kila mmoja anatoa sawa, mmoja anabeba yote, kisha zamu ya mwenzake. Likelemba haiulizi sertifika. Inauliza kama mtu anakaa, na kama atakuwepo zamu ya wengine ikifika. Ndiyo sababu vita vinaiua haraka kuliko kitu kingine chochote: wenzako wakitawanyika, deni na akiba vinatawanyika nao.

Mama na sahihi ya mume

Kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kujifunga kisheria, na mkopo ulikuwa mmoja wa mafungo hayo. Ruhusa hiyo iliondolewa Julai 2016. Tangu hapo mama anaweza kutia sahihi kwa jina lake.

Kitu kimoja kilikuwemo tangu 1987, lakini familia nyingi hazikifuati: mjane ana haki ya kuendelea kuishi katika nyumba aliyokaa na mumewe. Ndugu za marehemu wanaokuja na kufuli baada ya matanga hawana sheria nyuma yao.

Siku sita za 2000, na malipo ya 2022

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Mabomu yalianguka juu ya kartie za watu. Mamia ya raia walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibiwa.

Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa asili. Kazi ya kugawa malipo kwa wahanga ilikabidhiwa mfuko uitwao FRIVAO.

Milioni 40 za mali ni kwa sehemu zote zilizoguswa na uvamizi huo, Ituri ikiwemo. Kongo iliomba nyingi zaidi. Majaji walisema ushahidi ulioletwa juu ya mali iliyoharibiwa ulikuwa mdogo, wakakadiria jumla moja kwa pamoja. Yaani baada ya miaka zaidi ya 20, katika mahakama kubwa ya dunia, swali lilikuwa lile lile la 1885: una karatasi gani?

Lubunga, na wanaosubiri kurudi

Mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uligeuka umwagaji damu, na familia nyingi za Lubunga na vijiji vya upande ule zilivuka mto bila chochote mkononi. Nyumba ziliungua. Kwa familia hizo, nyumba ya kwanza ni ile iliyoachwa, na nyingine itakuja baadaye.

Sheria haijawasahau kabisa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Neno "desturi" limeandikwa pale, na lina uzito kwa mtu ambaye baba yake alionyeshwa mahali na shefu. Mkataba wa nchi za Maziwa Makuu, uliotiwa sahihi Nairobi Desemba 2006, nao una itifaki juu ya haki ya mali ya wanaorudi makwao, wajane na yatima wakiwemo.

Lakini haki inahitaji kushikwa. Aliyekimbia anaweza kuanza leo, kabla ya kurudi: kuandika jina la kijiji au avenue, majirani wa pande nne, mwaka wa kujenga, vyumba vingapi, mti gani au mto gani ulikuwa mpakani, na nani alishuhudia. Karatasi hiyo si sertifika. Ila ikiandikwa mapema, ikasainiwa na mashahidi ambao bado wako hai, ina nguvu kuliko maneno yatakayosemwa baada ya miaka ishirini.

Na kwa anayejenga Bengamisa leo, historia inashauri mambo machache. Maandishi ya kuuziana yawe na mashahidi wa pande zote mbili, na shefu atie sahihi yake. Nakala moja ikae kwa ndugu anayeishi mahali pengine. Anayeweza kuendelea hadi kwa konservateri aendelee, maana kwa sheria ya 1973 sertifika iliyopita miaka miwili haishambuliwi tena kirahisi. Na nyumba yenyewe itunzwe. Kisangani na kandokando yake hupata mvua karibu milimeta 1,700 kwa mwaka, nayo hubomoa ukuta kuanzia chini. Paa lipite ukuta kwa hatua nzuri, msingi uinuke kwa mawe, mfereji uzibuliwe kabla ya Septemba, na mchwa watafutwe kwenye nguzo kabla hawajafika juu.

Nyumba inayokaliwa na kutunzwa ni ushahidi wa kwanza ambao jirani anauona. Karatasi ni wa pili. Wazee wa barabara ya Buta walijenga wakiwa na ule wa kwanza peke yake, na watoto wao wamelipa gharama ya kukosa wa pili.