Habari za Namba Moja Kubwa

Sote twajua kwamba 15 hugawanyika kwa 3 na kwa 5, bali 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa 13 yenyewe. Namba za namna ya 13 huitwa namba tasa. Zikiwa ndogo, hata mtoto huzitambua upesi. Zikiwa kubwa, hata wenye elimu wamekosea. Leo twataka kueleza habari za namba moja iliyowakosesha.

Twaa punje moja ya mahindi, uifanye mbili, na mbili ziwe nne, na nne ziwe nane. Fanya hivyo mara 67, kisha uondoe punje moja. Zitakazosalia ni 147,573,952,589,676,412,927. Mahindi yote yavunwayo duniani kwa miaka ishirini hayafikii hesabu hiyo.

Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Paris, alitoa kitabu ambamo aliandika kwamba namba hii ni tasa. Hakuonyesha njia aliyoijulia. Lakini alikuwa mtu mwenye sifa, aliyeandikiana barua na wataalamu wengi wa Ulaya, na neno lake lilidumu zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alihakikisha kwamba namba hii si tasa. Ajabu ni kwamba hakuvijua vigawo vyake. Alikuwa kama mwanamke sokoni agongaye chungu, akatambua kwa sauti yake kuwa kina ufa, ingawa jicho lake halijauona. Basi ilijulikana kwamba vigawo vipo, wala hapakuwa na mtu awezaye kuvitaja.

Ndipo siku ya 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu mjini New York, aliposimama Frank Nelson Cole, mwalimu wa chuo kikuu cha Columbia. Husimuliwa kwamba hakunena neno. Upande mmoja wa ubao aliandika 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 67, akatoa 1. Upande wa pili alizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu. Majibu mawili yakawa sawasawa. Akarudi kuketi kimya, na watu wote wakapiga makofi. Yasemwa kwamba baadaye aliulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, akajibu, Jumapili za miaka mitatu.

Hapa tutambue jambo kubwa. Kuvitafuta vigawo vile kulikuwa kazi ya miaka. Kuvihakikisha ni kazi ya jioni moja, kwa kalamu na karatasi. Siku hizi kompyuta huvipata mara moja, lakini namba zenye tarakimu mia kadhaa bado zaweza kuzishinda kompyuta, na kwa ugumu huo siri nyingi za benki hulindwa.

Hatumdharau Mersenne, kwa maana swali lake ndilo lililowaamsha waliomfuata. Lakini sifa zake hazikuweza kuifanya namba hii kuwa tasa. Wala Cole hakuwaomba watu wamsadiki. Aliwapa hesabu ambayo mwanafunzi ajuaye kuzidisha aweza kuipima mwenyewe. Kwa hiyo, wazazi na walimu wenzetu, mtoto akiuliza, “Umejuaje?” tusimkaripie. Tumpe chaki, tuzidishe pamoja naye.