Pumzi na Uchungu wa Uzazi

Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alikuwa akisimulia kisa cha mama mmoja wa Whitechapel, wakati huo mtaa wa makabwela jijini London, aliyemzalisha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alimletea klorofomu ya kupunguza maumivu, mama akaikataa, akajifungua kwa utulivu, kisha akamwambia kwamba hakuumia. Mwaka 1933 daktari huyo alitoa kitabu akieleza kwamba hofu hukaza misuli, na misuli iliyokaza huongeza maumivu. Mjamzito, alisema, afundishwe mapema jinsi mwili unavyofanya kazi, na azoee kupumua na kulegea.

Mimi ni mkunga, na hapo namuunga mkono kwa dhati. Mama anayefika leba na woga huuma meno, mabega huyapandisha, na uchungu ukija hubana pumzi. Mshike mkono, pumua naye taratibu, mweleze kinachoendelea: utayaona mabega yakishuka.

Lakini alipotugusa sisi Waafrika alikosea vibaya. Alishikilia kwamba wanawake wa jamii alizoziona hazijastaarabika huzaa bila maumivu makubwa kwa kuwa hawana hofu. Si kweli! Bibi zetu waliuma khanga kwa uchungu, na wengine walifia mikekani. Waliopata utulivu waliupata kwa mkunga wa jadi na mashangazi waliokesha nao.

Wengine pia walifundisha wajawazito kujiandaa. Mwaka 1951 daktari Fernand Lamaze wa Paris aliona katika Umoja wa Kisovieti wajawazito wakiandaliwa kwa mafunzo, akaipeleka njia hiyo Ufaransa. Marekani, mkunga Nancy Bardacke alianza mwaka 1998 kuwafundisha wazazi watarajiwa kuituliza akili, akifuata mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Zoezi moja la Bardacke nalipenda sana: mjamzito anashika barafu kiganjani, baridi inauma, naye anaifuata pumzi yake tu, inaingia, inatoka, bila kupigana na maumivu. Anajifunza kwamba maumivu hupanda na hushuka, na kati ya uchungu mmoja na mwingine kuna nafasi ya kupumzika.

Ila pumzi haitibu kifafa cha mimba. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au uso ukivimba, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nanyi wakunga wenzangu, mama akitaka dada au mama yake akae naye leba, na nafasi ipo, mruhusuni aingie.