Kanuni Bila Mlinzi: Udhaifu wa XML katika Seva za Mazungumzo, 1998–2011

Makala haya yanachunguza umbali uliopo baina ya kanuni iliyoandikwa na kanuni inayotekelezwa, kwa kurejelea seva za mazungumzo ya papo kwa papo zinazotumia itifaki ya XMPP.

Lugha ya XML iliidhinishwa na shirika la W3C mwezi Februari 1998. Ilimruhusu mwandishi kubuni kifupisho ndani ya waraka, ambacho kichanganuzi, yaani programu inayousoma waraka huo, hukipanua kuwa matini kamili. Kifupisho kimoja huweza kutaja vingine, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Neno likirudiwa mara 10, na kila ngazi ikairudia iliyoitangulia mara 10, ngazi ya tisa huzaa nakala bilioni 1. Waraka usiofika kilobaiti 1 humeza gigabaiti kadhaa za kumbukumbu, na seva huzimika. Shambulio hili, liitwalo vicheko bilioni, lilijulikana tangu miaka ya mwanzo ya karne hii.

Mradi wa Jabber, ulioanzishwa na Jeremie Miller na kutangazwa mwaka 1999, ulijenga mawasiliano yake juu ya XML. Mwezi Oktoba 2004 jopo la IETF lilichapisha itifaki hiyo katika RFC 3920, na humo likakataza bayana vifupisho vya kubuni. Hata hivyo, mwaka 2011 ilibainika kwamba seva za ejabberd, jabberd2 na Prosody zilikuwa bado zikivipanua. Zilirekebishwa mwaka huohuo, katika matoleo ya 2.1.7, 2.2.14 na 0.8.1 kwa mfuatano huo.

Kwa nini marufuku ilikaa takribani miaka 7 bila kutekelezwa? Seva hizo hazikuunda kichanganuzi chao; zilitumia Expat, kilichotungwa kwa ajili ya XML yote. Expat kilitii sheria za XML, si za XMPP. Kazi ya kuzuia ilibaki kwa waundaji wa seva, na kwao haikufanyika. Expat chenyewe kiliwekewa ukomo wa upanuzi mwaka 2021, katika toleo la 2.4.0.

Funzo kwa watunga sera ni kwamba haitoshi taasisi kuuliza kama programu inafuata kiwango fulani. Inapasa kudai jaribio linaloonesha kwamba programu hiyo hukikataa kile ambacho kiwango kimekikataza.