Tofauti ya "very", "so" na "too" katika Kiingereza

MWOMBAJI wa kazi anayeandika "I am too happy to join your company" hukusudia kusema kwamba atafurahi sana kujiunga na kampuni. Mwajiri akiifuata sarufi ataelewa kinyume chake: kwamba furaha ya mwombaji imezidi mno, hata inamzuia kujiunga.

Chanzo cha kosa hili ni namna Kiswahili kinavyoeleza kiwango cha jambo na tokeo lake. Kwetu "sana" na "mno" hukaribiana kwa maana, na tokeo huungwa kwa "hadi", "hata" au "kiasi kwamba". Kiingereza hakitoi uhuru huo, kwani kila neno la kiwango lina mwenzake.

"Very" hutaja kiwango tu, wala haliungi tokeo. Kwa hiyo "The bag was very heavy that I could not lift it", sentensi isikikayo mara kwa mara miongoni mwetu, si sanifu. Penye tokeo hutumika "so": "The bag was so heavy that I could not lift it", yaani mfuko ulikuwa mzito hata nikashindwa kuuinua.

"So" hutangulia kivumishi au kielezi. Kivumishi kikiandamana na nomino, nafasi hiyo huchukuliwa na "such": "It was such a heavy bag that I could not lift it." Hata hivyo, maneno ya idadi na kiasi kama "many", "much" na "few" hubaki na "so". Husemwa "so many people", si "such many people".

"Too" hubeba ukanusho ndani yake. "The tea is too hot to drink" humaanisha kwamba chai hainyweki kwa jinsi ilivyo moto, ingawa neno "not" halimo. Aidha, "it" haiongezwi mwishoni, japokuwa Kiswahili husema "kuinywa". Ukitumia "so", vyote viwili hurudi: "The tea is so hot that I cannot drink it."

Kinyume cha "too" ni "enough", yaani kiwango kinatosha. Mathalani, Tanzania na Kenya kijana wa miaka 18 ni "old enough to vote", na wa miaka 17 ni "too young to vote". Ikumbukwe kwamba "enough" hufuata kivumishi, bali kwa kawaida hutangulia nomino, kama katika "enough money".

Mwombaji wetu, basi, angeandika "I would be very happy to join your company". Upo pia msemo "only too happy", wenye maana ya kuwa radhi kabisa. Lakini "only" ikisahauliwa, barua hurudi kukataa kazi ile ile inayoombwa.