Waliofika Ziwani Kabla Yetu



Kamati imetuomba sisi walimu tuandike historia fupi kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Historia ya kukimbia kwetu kila mtu anaijua. Kuanzia Agosti 2017 watu wa Haut-Katanga na Tanganyika tulivuka mpaka, tukapokelewa Kenani, na mwaka 2018 tukaanza kuhamishiwa hapa Mantapala, katika wilaya hii ya Nchelenge. Kabla yetu, wenzetu waliokimbia vita vya Pweto mwishoni mwa mwaka 2000 walikaa katika kambi za Kala na Mwange, ambazo zilifungwa mwaka 2010. Tumeona afadhali tuandike juu ya wakimbizi wa zamani zaidi, kwa sababu habari yao inagusa neno linalosemwa kila siku kwenye foleni ya maji: kwamba mkimbizi akiingia kanisani hamtafuti Mungu, anatafuta nguo na sabuni.

Zamani nchi ya Katanga ilitawaliwa na Msiri, mfalme aliyekaa Bunkeya. Alikuwa na nguvu kwa sababu ya bunduki, shaba, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Mwaka 1886 alifika kwake mmisionari Frederick Stanley Arnot kutoka Uskoti, na mwaka 1890 akafika kijana mwingine wa huko huko, Dan Crawford. Walihubiri Bunkeya, lakini walioamini walikuwa wachache mno. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, waliotumwa kuichukua nchi kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Njaa ikaingia, watu wakatawanyika kila upande.

Katika miaka hiyo ya 1890 Crawford alihamia pwani ya Ziwa Mweru, ng'ambo ya magharibi, akajenga misheni ya Luanza juu ya genge linalotazama maji. Watu wakaanza kumfuata huko: watumwa waliotoroka au kukombolewa, wajane, watoto wasio na wazazi, watu wa makabila ambayo jana yake yalikuwa yakipigana. Wakampa Crawford jina la Konga Vantu, maana yake mkusanyaji wa watu. Kwa hiyo Luanza ulikuwa mji wa wakimbizi kabla sisi hatujazaliwa, wala babu zetu.

Sasa tuulize kwa ukweli. Je, watu wale walikwenda Luanza kwa ajili ya Mungu? Wengi wao, hapana. Walikwenda kwa sababu walitaka kulala usiku bila kukamatwa. Walitafuta ulinzi na chakula kama sisi tulivyotafuta. Hilo si aibu. Hata Naomi katika Biblia alihamia Moabu kwa sababu ya njaa, na Danieli hakuchagua kwenda Babeli. Mtu hachagui njia ya kukimbilia. Anachoweza kuchagua ni jinsi atakavyoishi baada ya kufika.

Hapo ndipo tunapowaona watu wa Luanza vizuri. Hatari ilipopungua, wapo walioondoka kurudi kwao, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini wapo waliojifunza kusoma, wakaenda kufundisha katika vijiji vya kandokando ya ziwa. Crawford aliitafsiri Biblia kwa Kiluba-Sanga, na bila shaka asingeweza kazi hiyo bila wenyeji wa lugha kumsahihisha. Yeye mwenyewe alikaa miaka 22 mfululizo bila kurudi kwao, akafa hapo Luanza mwaka 1926.

Yupo na mwanamke mmoja wa nyakati hizo tunayependa kuwasimulia wanafunzi wetu. Jina lake ni Bwanikwa, Mluba. Baba yake alimtoa alipokuwa mtoto ili alipe deni. Habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell katika kitabu kilichotoka mwaka 1916, na jina la kitabu hicho linasema kwamba alikuwa mtumwa mara kumi. Mwishowe aliolewa na mtu aliyekuwa amemnunua, nao wote wawili wakawa Wakristo. Mume hakumdai kitu. Lakini Bwanikwa alifanya kazi kwa mikono yake, akaweka akiba, akamlipa mumewe bei yake mwenyewe ili awe mtu huru, kisha akaendelea kukaa naye. Hakutaka imani iwe kisingizio cha kuacha jambo lisilo sawa likae kimya ndani ya nyumba.

Tunakumbuka habari hiyo kwa sababu sisi wenyewe tulijaribiwa, na tusingependa kuwahubiria wengine huku tukijificha. Tulipokuwa tunafundisha watoto chini ya mti, katika siku za kwanza, tuliambiwa tupeleke orodha ya wanafunzi ili waletewe madaftari na sabuni. Mzee mmoja tunayemheshimu alitushauri: "Mwalimu, andika na wale waliobaki Kongo. Nao ni watoto wa Mungu." Tukaongeza majina 14. Tulijiambia kwamba sabuni ni ndogo na watoto ni wengi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kesho yake tulisoma orodha kwa sauti. Tulipofika kwenye jina moja, msichana wa mstari wa mbele akasema, "Mwalimu, huyo hakuvuka." Watoto wote wakanyamaza. Hatukuweza kuendelea kusoma.

Jioni ile tuliandika orodha upya bila majina yale, tukaipeleka. Mtumishi aliyeipokea aliitazama tu, akaiweka pamoja na nyingine. Sabuni zilipokuja zilikuwa pungufu kuliko wazazi walivyotumaini, na wengine hawakutusalimu karibu mwezi mzima. Mungu hakuteremsha sabuni nyingine kutoka mbinguni. Tulichopata ni kwamba kila asubuhi tuliweza kuita majina mbele ya watoto bila kuogopa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Mkristo aliye kambini, jembe la siku ya tatu ni uaminifu. Siku ya kwanza na ya pili tunapokea, wala tusione haya. Baadaye tunaulizwa juu ya kadi ya posho, juu ya binti anayetakiwa kuozwa kwa mwenye pesa, juu ya jirani wa kabila tulilolikimbia. Kila swali linataka jibu lake siku hiyo hiyo. Jibu la jana halitoshi.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tunasema: msituhukumu kwa sababu ya tulichokuja kutafuta. Kwa wenzetu tunasema: watu wa Luanza nao walikuja na njaa, lakini leo tunawakumbuka kwa yale waliyoyafanya baadaye. Watoto wetu nao watatukumbuka kwa orodha tulizoziandika.

Mungu atusaidie sote.