Duka Lilitangulia Hekalu

Mtu akisimama kwenye vilima vya Gihosha, macho yake huvuka mapaa ya Bujumbura na maji ya Tanganyika hadi milima ya Congo, upande wa Uvira. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika huko kwa mitumbwi Aprili 1858. Wanatajwa sana, aliyewawezesha hutajwa mara chache. Bidhaa na mikopo ya safari ile ilipatikana Unguja kwa msaada wa Ladha Damji, Mhindu wa jamii ya Bhatia, aliyesimamia forodha ya Sultani kwa niaba ya nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Fedha za Wahindu zilikaribia Bujumbura kabla Wajerumani hawajajenga boma lao la Usumbura, jina la zamani la Bujumbura.

Hekalu je?

Anayetoka Gihosha kwa mapumziko ya siku chache, akitaka kuona mahekalu ya Wahindu, huenda akatarajia majengo ya kale. Katika Afrika Mashariki atashangaa: biashara ni ya karne nyingi, lakini mengi ya mahekalu yanayoonekana leo ni ya karne ya 20. Sababu kubwa ni familia. Wabhatia wa zamani waliwaacha wake zao Kachchh, huko India, kwa kuwa desturi ya dini yao ilitilia shaka safari za baharini. Mwanamume alikaa Unguja miaka michache, akajipikia, akasali katika chumba kidogo nyumbani, kisha akarudi kwao. Hekalu lilihitaji watu walioamua kubaki: wanandoa, watoto wa kupewa majina, wazee wa kuchomwa moto wakifariki.

Wala historia hiyo isisafishwe. Mitaji ya wafanyabiashara wa Kihindi iliendesha misafara ya pembe za ndovu, na baadhi yao walimiliki watumwa. Mwaka 1860 Rigby, balozi mdogo wa Uingereza, aliwalazimisha Wahindi wa Unguja wawaachie huru.

Baadaye biashara ilisogea bara: reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, kando ya ziwa, mwaka 1914. Mwaka 1921 Waingereza waliwaruhusu Wabelgiji, waliotawala Burundi wakati huo, kupitisha mizigo yao Dar es Salaam na Kigoma, na mwaka 1927 meli ya Liemba, iliyokuwa imezamishwa vitani, ilirudi kazini ziwani. Kwa njia hiyo maduka yaliongezeka Usumbura, na Wahindi na Waarabu wakawa na mtaa wao, Quartier Asiatique, jirani na Buyenzi ya Waswahili. Mgeni wa Gihosha anayeshuka Dar es Salaam anaifuata njia yao kinyumenyume.

Huko aende Kisutu, ambako mahekalu ya madhehebu mbalimbali yamekaa karibukaribu. Adhuhuri si saa nzuri, maana mahekalu mengi hufungwa ili miungu ipumzike. Jioni ni wakati wa arati: taa huzungushwa mbele ya sanamu, kengele hulia, kisha wageni hugawiwa prasadi, chakula kilichobarikiwa, kinachopokelewa kwa mkono wa kulia. Viatu huachwa mlangoni, na ruhusa huombwa kabla ya kupiga picha.

Mwenye siku moja tu Nairobi asilikose hekalu la Swaminarayan kwenye barabara iliyoitwa Forest Road, siku hizi Profesa Wangari Maathai. Lilifunguliwa na kiongozi wa kiroho wa waumini wake, Pramukh Swami Maharaj, Agosti 1999. Mawe yake yalichongwa India, yakasafirishwa na kuunganishwa Kenya. Mtangulizi wa Pramukh Swami, Yogiji Maharaj, alikuwa amekwisha kuvuka bahari kuwafuata waumini Afrika Mashariki mwaka 1955, 1960 na 1970. Mababu walikuja bila wake. Baadaye hata viongozi wa dini walikuja.

Uganda ilionyesha jinsi uamuzi wa kubaki ulivyoweza kuvunjwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na mahekalu yakabaki bila waumini wake. Wengi hawakurudi tena. Waliorudi, hasa baada ya 1986, walianza kuyafungua upya. Mgeni wa Uganda aweza pia kufika Jinja: huko, kwenye chanzo cha Nile ambako sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa mwaka 1948, sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral.