Njia za Miguu za Nyanda za Juu Kusini: Kutoka Mwendo wa Amri hadi Mwendo wa Hiari

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya kwa basi huiona milima upande wa kulia na wa kushoto, na aghalabu huipita bila kuiuliza neno. Barabara kuu ya lami iliyojengwa baada ya Uhuru, pamoja na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976, zimeifanya safari ya siku nyingi kuwa safari ya saa chache. Hiyo ni neema isiyo na shaka. Lakini neema hiyo imekuja na usahaulifu wake. Kijana aliyezaliwa chini ya mlima Loleza aweza kumaliza masomo ya sekondari bila kukanyaga kilele chake. Zaidi ya hayo, aweza kuamini kwamba kwenda kwa miguu ni dalili ya ufukara, shughuli ya mtu aliyekosa nauli.

Dhana hiyo haikuzuka bure. Ina historia, na historia hiyo imeandikwa katika njia zenyewe. Katika insha hii tutatazama kwanza ni nani waliozipita njia za miguu za mikoa hii na kwa sababu gani. Kisha tutaona ni zipi zinazofaa kupitwa leo na watu wa kila kiasi cha nguvu, kuanzia mtoto na mzee hadi kijana mwenye mapafu mapana. Maana anayejua njia yake ilitoka wapi huitembea kwa furaha iliyo kubwa zaidi.

Njia za kale hazikuchorwa na mpima ardhi. Zilifuata migongo ya milima ili kukwepa matope ya mabondeni, zikavuka mito mahali palipo na mawe au maji haba, na kupumzika penye kivuli na chemchemi. Mfano mzuri ni njia zilizoteremka kutoka milima ya Livingstone, nchi ya Wakinga, hadi tambarare za Wanyakyusa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wakinga walikuwa wahunzi hodari, nao waliteremka na majembe ya chuma ili kujipatia chakula katika nchi ya migomba iliyokuwa chini yao. Wala hawakuteremka kwa biashara tu. Makuhani wa Kikinga walisafiri kwenda Lubaga, msitu mtakatifu ulio katika nchi ya Wanyakyusa, kushiriki katika tambiko la Lwembe. Hivyo njia moja ilibeba jembe na ibada pamoja, ikawaunganisha watu wa baridi ya mlimani na watu wa joto la ziwani.

Katika Uhehe njia ilikuwa pia jambo la vita. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mahali ulipo mji wa Iringa leo, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilikuwa kikienda kwa mstari mrefu katika njia nyembamba. Wahehe walikuwa wamejificha katika vichaka na mawe ya kando ya njia hiyo. Waliposhambulia, mstari ule haukuweza kujikusanya, na Zelewski aliuawa pamoja na mamia ya askari na wapagazi wake. Ngome ya Kalenga ilitekwa baadaye, mwezi Oktoba 1894, lakini Mtwa Mkwawa aliendelea kupambana hadi Julai 1898. Miaka hiyo karibu minne ilitegemea ujuzi wa vijia vya milimani ambavyo adui hakuvijua.

Yafaa hapa kusahihisha jambo moja linalorudiwa mara kwa mara. Vitabu vya zamani vilisimulia kwamba wasafiri wa Kizungu walizifungua njia za nchi hii. Ni kweli kwamba mwaka 1877 Mwingereza James Frederic Elton alitoka Ziwa Nyasa akapita katika milima hii kwenda Ugogo, alikofariki, na kwamba uwanda wa Kitulo ulipewa jina lake na wageni. Ni kweli pia kwamba Joseph Thomson alipitia Uhehe mwaka 1879 akafika kaskazini mwa ziwa hilo. Lakini kiongozi wa msafara wa Thomson alikuwa James Chuma, Myao, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Nao wote, Chuma na bwana wake, walipita katika njia zilizokwisha kukanyagwa na wenyeji.

Baada ya utawala wa kigeni kuimarika, maana ya kutembea ilibadilika. Watu walitembea kwa sababu wameamriwa: kutafuta fedha ya kodi, kujenga barabara, kubeba mizigo ya serikali. Mateso yalizidi katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kabla mwezi Agosti haujaisha yalikuwa yamefika Iringa. Malangali, Lupembe na Njombe ziligeuka viwanja vya mapigano, na mwaka 1918 Wajerumani walipita tena katika nchi ya Wabena wakielekea Rhodesia ya Kaskazini. Pande zote mbili zilikula vyakula vya wanakijiji na kuwatumia vijana wao kama wapagazi. Wengi walikufa njiani kwa njaa, baridi na maradhi, na makaburi yao hayana alama.

Vita vilipokwisha, dhahabu ya Lupa iliwaita wengine. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanaume wa Rungwe na wilaya za jirani walipanda na kushuka milima ya Mbeya kwenda Chunya kufanya kazi za vibarua. Mji wenyewe wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 wakati wa pilikapilika za dhahabu hiyo. Basi si ajabu kwamba mababu waliporudi nyumbani hawakuwasifia watoto wao safari ya miguu. Kwao ilikuwa mzigo begani, na mtu mwingine nyuma akihimiza.

Uhuru ulirudisha maana nyingine. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, wananchi wa mikoa mbalimbali walifanya matembezi marefu ya kuliunga mkono. Kijana Seth Benjamin alifariki akiwa katika matembezi kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, naye Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwaka huohuo. Hapo mguu haukusukumwa na mnyapara. Uliinuliwa kwa hiari. Matembezi ya kujifurahisha na kujielimisha ni mtoto wa hiari hiyo, nayo yastahili kuhesabiwa kuwa tunda dogo la kujitawala.

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Kwa wenye nguvu chache, watoto na wazee, Iringa yafaa kuwa mwanzo. Juu ya mji lipo jiwe kubwa la Gangilonga, ambalo jina lake la Kihehe humaanisha jiwe linenalo. Masimulizi ya wenyeji husema Mkwawa alilitumia kwa kutafakari na kushauriana. Kulifikia ni mwendo mfupi, na juu yake mji wote huonekana. Kalenga, kandokando ya Ruaha Ndogo, ni tambarare. Huko limo jumba la makumbusho lenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Huko zana za mawe za watu wa kale zilifukuliwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958, na umri wake hukadiriwa kuwa zaidi ya miaka 200,000. Upande wa Mbeya, wilayani Rungwe, Daraja la Mungu lililo juu ya mto Kiwira halimchoshi mtu, nalo humwonyesha mwanafunzi jinsi lava iliyopoa ilivyoweza kuachiwa uwazi na maji yapite chini yake.

Kwa wenye nguvu za wastani lipo Ziwa Ngozi katika milima ya Uporoto. Ziwa hili limejaa ndani ya shimo kubwa lililoachwa na mlipuko wa volkeno. Njia yake hupita katika msitu mzito, na sehemu ya mwisho ni kali. Wakati wa mvua huteleza sana. Mlima Loleza, wenye zaidi ya mita 2,600, huanza karibu na nyumba za mji wa Mbeya, nao wafaa kuwa kipimo cha mtu anayetaka kujua kama yuko tayari kwa milima mirefu zaidi.

Kwa wenye nguvu na mazoezi kuna kilele cha Mbeya, kinachopita mita 2,800, na Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, ambao huhitaji siku nzima na mwenyeji wa kuongoza. Msitu wa Rungwe ni miongoni mwa makao ya kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005. Hapa tena wageni walichelewa, kwa maana wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na wamekwisha kumpa jina hilo. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, huchanua maua mengi ajabu kati ya Desemba na Aprili, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mtu aweza kuuzunguka kwa saa chache tu. Lakini mwenye nguvu aweza kuendelea kwa safari ya zaidi ya siku moja, avuke milima ya Livingstone na kuteremka hadi Matema kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Huko magoti yake yatamweleza uzito wa majembe ya Wakinga kuliko ukurasa wowote. Na atakaye msitu wa mashariki aende milima ya Udzungwa, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, ambamo wageni hutembea kwa miguu, na ambamo maporomoko ya Sanje huanguka zaidi ya mita 170.

Kwa walimu watakaowaongoza wanafunzi kuna mafunzo ya kupokea kutoka kwa misafara ya zamani. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi aliyeijua njia, na nyuma alikwenda mnyapara kuwaangalia waliochelewa. Utaratibu huo wafaa hadi leo. Mbele awepo mwenyeji wa kijiji husika, mwenye idhini ya uongozi wa kijiji au hifadhi. Nyuma awepo mwalimu mwenye subira. Tofauti iwe moja tu: mnyapara wa zamani alimhimiza mnyonge, mwalimu wa leo na amngoje. Mwendo wa wote uwe mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Safari ianze alfajiri, nguo za baridi na za mvua zichukuliwe hata jua likiwa kali, maji yasikosekane, na aliyechoka aruhusiwe kurudi bila kuchekwa. Mwenda pole hajikwai.

Tena kila mwanafunzi achukue daftari. Kila kijiji kilicho kando ya njia kina wazee waliosikia kwa wazazi wao ni nani waliopita pale, na mzigo gani, na kwa amri ya nani. Majina ya vilima, vivuko na mapumziko yaandikwe pamoja na maana zake. Njia isiyokanyagwa humezwa na majani kwa misimu michache tu, au hulimwa ikawa shamba. Mzee asiyeulizwa huondoka na alichokijua. Shule zilizo kati ya Iringa na Mbeya ziko karibu na njia hizi kuliko chuo chochote cha historia, na miguu ya wanafunzi wao yatosha kwa kazi hiyo.